Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mdogo wangu tukicheza rede alikuwa anakimbia hatua chache, kisha anachuchumaa katikati ya uwanja. Sie tunamcheka: "Nenda chooni huko!" Hatukujua kwamba mwili wake unatafuta pumzi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau hata msimu wa zambarau ukiwa umekwisha, na mama alishamfinya masikio akidhani anapanda miti ya watu. Jamani! Mtoto kufika kisimani tu ni mtihani, atapanda mti?

Siku moja wakaja madaktari wa kigeni wa kujitolea kwenye zahanati ya misheni, hapo hapo kwetu Temeke. Mmoja alimsikiliza kifua, akamsikiliza tena. Aliyetufafanulia ni nesi wa zahanati, msichana mwenzetu, mdogo hata kwa dada yetu mkubwa. Alisema moyo una tundu, na njia ya damu ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Asipopasuliwa hatakua. Huku kwetu hakuna wa kuupasua moyo wa mtoto, lakini kuna watu Ulaya, walimu, wauza mikate, wazee waliostaafu, wanaochangishana ili watoto wasiowajua hata kwa sura wakatibiwe kwao.

Nilikuwa darasa la sita. Kila asubuhi mstarini tuliimbishwa kwamba binadamu wote ni ndugu, nami naitikia kama kasuku, macho kwenye uji. Siku ile nywele zilinisimama. Kumbe kuna watu wanayatenda tunayoyaimba!

Ila mtoto angesafiri na nesi. Nafasi ya mama haikuwepo. Baba, mpakua mizigo bandarini, akakubali. Mama akagoma kabisa.

"Mwanangu akafunguliwe kifua na watu nisiowajua, mie nimekaa hapa nachambua mchele? Kama ni kufa, afie mapajani mwangu."

Baba akambembeleza, nesi akaja mara mbili, shangazi akaja. Wapi! Na mdogo wangu alizidi kudhoofu, ikawa sasa anachuchumaa akitoka tu kitandani hadi mlangoni.

Jirani yetu muuza vitumbua alikuwa Mzaramo, na sie ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu yako akilisema, hamzungumzi mpaka kiama. Asubuhi moja akaingia uani kwetu na mkeka kwapani, khanga ameifunga kiunoni, akautandika chini na kuanza kulia kwa sauti.

"Uwiii, mtani wangu kafiwa! Nimewahi mapema, mwenzenu. Sukari yenyewe ya foleni, chai ya matanga mtaipata wapi nyie Wanyamwezi msipoanza kupanga mstari leo?"

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Ishia hapo hapo! Utani gani huu?"

"Si umesema afie mapajani? Basi mie nakusaidia kulia. Mwenyewe utachoka."

Mdogo wangu akauliza, "Nani kafa?"

"Wewe, mjukuu wangu. Njoo ulale tukuzike."

Naye, maskini, alidhani ni mchezo. Akacheka, akajilaza kwenye mkeka, akanyoosha miguu na kufumba macho. Midomo ile, kucha zile za bluu, kifua kisichoonekana kama kinapanda. Kicheko kilitukauka sote.

Mama akaangusha mwiko, akamnyakua, akamtikisa mpaka alipofumbua macho. Kisha akakaa chini mavumbini akalia, na mtani akakaa naye akilia kweli sasa.

"Kamwite nesi," mama aliniambia.

Wakaondoka, mtoto na nesi. Miezi ile mama hakuimba, hakugombana na mtu, na chumvi kwenye mboga alikuwa anasahau. Sikuwahi kumwona mtu akiogopa hivyo huku anafua na kupika kama kawaida.

Kisha tukaitwa uwanja wa ndege. Mdogo wangu akateremka ngazi kwa miguu yake, mashavu yamejaa. Mama hakumsalimu hata. Alipiga magoti, akamfungua vifungo vya gauni mbele za watu, akaukuta mshono umeshuka katikati ya kifua. Akaupitishia kidole, taratibu, toka juu hadi chini.

"Waliufikia moyo wenyewe?"

"Waliusimamisha, mama," nesi alisema. "Mashine ikawa inasukuma damu badala yake. Wakaziba tundu, wakashona, wakauamsha."

Mpaka leo, mtu mzima na wajukuu, nikilitafakari hilo naweka mkono kifuani. Moyo wa mtoto wa Temeke, umetulia mikononi mwa mtu.

Mama akaanza kumfunga vifungo. Halafu akauliza, "Moyo uliposimama, mwanangu alikuwa na nani?"

"Na mimi. Niliwaomba sana, wakaniruhusu nisimame karibu na kichwa chake. Nikawa nasema naye."

"Anasikia?"

"Hasikii, mama. Nilikuwa namwambia tu kwamba unamsubiri."

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Akaushika mkono wa yule nesi msichana kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alimwambia.

Nesi alitutazama sisi, akamtazama mama, kisha naye akapiga magoti.