Chumvi Aliyoileta Mukhisa

Marehemu mume wangu, Mukhisa wa Barasa, hakuwa chifu wala mwalimu. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, na baadaye nyapara wa wakamuaji, katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa bila kufukuzwa wala kuonywa. Naandika kwa sababu bado wako watu huku kwetu Sirisia wanaosema kwamba shingo ya dada yake iliponywa na mganga aliyeletwa kutoka mlimani. Hakuna mganga aliyekanyaga nyumba yetu. Nilikuwepo, na nitasema nilichokiona.

Nilipoolewa mwaka wa 1934, nikitoka shule ya misheni, nilimkuta mama mkwe wangu, niliyemwita Mayi, ana rovu shingoni kubwa kama ngumi ya mwanamume. Katika vijiji vya chini ya Mlima Elgon uvimbe wa namna hiyo haukuwa ajabu, ila kwetu ulizidi. Shangazi wawili wa mume wangu walikuwa nao pia, na majirani walituita watu wa shingo. Mayi alilibeba rovu lake bila haya. Lakini wifi yangu Nakhungu alipofika miaka kumi na mitano, shingo yake nayo ikaanza kujaa. Familia moja ya Kimilili iliyokuwa imeanza kuulizia habari zake ikanyamaza. Nyingine ikatuma neno kwamba kijana wao ameamua kungoja. Kungoja nini, hawakusema. Sote tulijua: shingo ile ikiendelea, Nakhungu atazeekea kwa baba yake.

Mukhisa alikuwa akikamua pamoja na Kipkoech, mtu wa mlimani. Mke wa Kipkoech, Jerono, alikuwa ameingia shambani na shingo iliyovimba. Baada ya mwaka na nusu Mukhisa alimwona kisimani, akarudi kazini ameduwaa.

"Kipkoech, shingo ya bibi yako imeenda wapi?"

"Wewe, unatazama shingo ya bibi yangu?"

"Namtafutia dada yangu dawa, bana."

Kipkoech akacheka. "Basi uliza ng'ombe. Sisi hapa ni maziwa tu tunakunywa."

Mwingine angecheka naye, yakaisha. Mume wangu alikuwa mtu wa kufuata jambo hadi mwisho wake. Alijua kwamba wafanyakazi hupewa kila siku maziwa yaliyokwisha kuondolewa mafuta ya siagi. Alijua pia kwamba ng'ombe wa shamba hulamba tofali jekundu la chumvi lililowekwa karibu na birika la maji. Daktari wa mifugo alipokuja kuwakagua ng'ombe, Mukhisa, huku ameshika pembe za mmoja wao, alimwuliza wazi kama tofali lile linaweza kuponya shingo ya mtu. Daktari alimjibu kwa heshima. Alisema udongo wa huku umepungukiwa na madini yaitwayo iodini. Nyasi hazina, basi ng'ombe hana, maziwa hayana, na mtu naye hana, ndipo shingo inavimba. Tofali lile si la kuliwa na mtu, ila limetiwa iodini, na ng'ombe akililamba, sehemu yake hupita kwenye maziwa.

Kesho yake Mukhisa alimwomba mwenye shamba vile vipande vilivyolambwa hadi vikabaki vyembamba kama sabuni inayoisha. Mzungu alimruhusu mbele ya wakamuaji wote. Likizo yake ilipofika, alivifunga kwa majani ya migomba, akavitia guniani, akavibeba kwa baiskeli kupitia Kimilili hadi nyumbani. Alimkabidhi baba yake, mzee Barasa, akamweleza kwamba chumvi hii itamponya Nakhungu kwa kupitia ng'ombe, kisha akarudi kazini. Kila likizo alileta vingine.

Mimi nilikuwa na utepe wa kushonea niliopewa misheni. Kila mwanzo wa mwezi nilimpima Nakhungu shingo na kuandika. Mwaka mzima ulipita, utepe haukupungua. Uliongezeka upana wa ukucha. Majirani waliuliza habari za chumvi ya Kitale huku wakificha meno.

Siku moja, nikitoka mtoni, nilipita nyuma ya zizi dogo. Humo walikuwa wamefungwa fahali mkubwa na mitamba watano waliotengwa kwa mahari ya Walubengo, mdogo wa mume wangu. Walikuwa waking'aa kama waliopakwa mafuta. Mbele yao, katika mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo, vilikaa vile vipande vyekundu. Ng'ombe wa maziwa walikuwa upande wa pili wa boma, wanaramba udongo.

Kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe wake ana kwa ana. Nikimwona njiani nilikuwa napisha kando. Kumkosoa mambo ya zizi lake lilikuwa jambo lisilofikirika. Nilimwendea Mayi.

"Mwanangu," akasema, "zizi ni la wanaume. Nikifungua mdomo, huyo mzee atasema shingo yangu ndiyo imenituma."

Basi nikachukua kalamu, nikamwandikia mume wangu barua fupi: Chumvi yako inanenepesha fahali. Njoo.

Alifika Jumamosi. Nilikuwa nyuma ya ghala nikipepeta wimbi, na nilisikia kila neno.

"Papa, hongera. Huyu fahali anang'aa kweli."

"Si umeona!" Barasa alisema kwa furaha. "Watu wanasimama barabarani. Ati wanauliza namlisha nini."

"Na asubuhi anatoa maziwa vibuyu vingapi?"

"Wewe! Fahali anakamuliwa?"

"Ndiyo nauliza, Papa. Nakhungu amekunywa maziwa ya nani mwaka huu wote?"

"Uliniambia chumvi ni nzuri. Nikawapa ng'ombe wa maana. Ng'ombe za mahari zikitoka hapa zimekonda, ni jina langu linachekwa."

"Na binti asiyeulizwa na mtu, anachekwa nani?"

"Huko Kitale wanawafundisha kujibu wazazi," Barasa akasema. Kisha nilisikia ule mti ukiburutwa. Nilipochungulia, mzee mwenyewe alikuwa akiuvuta kuelekea kwa ng'ombe wa maziwa, na alikuwa amekataa kusaidiwa. Hakukiri kosa siku hiyo wala siku nyingine. Lakini tangu hapo aliyeusogeza ule mti alikiona cha moto.

Mukhisa aliacha agizo: Nakhungu anywe vikombe viwili kila siku kabla maziwa hayajatoka nyumbani. Nakhungu alichoka upesi.

"Mimi si ndama, mulamwa," alininung'unikia, akiniita wifi kwa lugha yetu.

"Ndama hana shingo kama hiyo. Kunywa."

Mwezi wa saba tangu mti uhamishwe, utepe ulianza kupungua. Baada ya mwaka na nusu ulibaki uvimbe mdogo ambao ungeuona tu akimeza. Rovu la Mayi halikupungua hata kidogo. Daktari alikuwa amemwambia Mukhisa kwamba la siku nyingi halirudi, na sitaki kuisifia chumvi kupita ukweli.

Mwaka wa 1938 walikuja wageni kutoka Bumula kumwulizia Nakhungu. Shangazi wa kijana hakuzunguka.

"Tulisikia kwa hii nyumba kuna shingo."

Nakhungu alifungua kitambaa cha shingoni mwenyewe. Mama yule alimshika shingo kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Shika na yangu," Mayi akamwambia, "usiache kazi nusu."

"Yako nimeiona tangu barabarani, dada," mgeni akajibu, na nyumba nzima ikacheka, Mayi zaidi ya wote. Kisha mgeni akamgeukia mume wangu. "Na huyu msichana alipona na nini?"

Mukhisa hakuficha lolote. Alimweleza habari za udongo, tofali, ng'ombe na maziwa, mwanzo hadi mwisho, na Barasa akatikisa kichwa kukubali kana kwamba shauri lote lilikuwa lake. Tulimwacha.

"Basi akija kwetu," shangazi akasema, "hiyo chumvi ije naye. Sisi pia tuna watoto."

Ikaenda naye. Kila likizo Mukhisa alianzia Bumula kabla ya kufika kwake, na sikumlaumu. Nakhungu alipojifungua mtoto wa kwanza, mwaka wa 1940, tulikwenda pamoja. Mume wangu alimpokea yule mtoto, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akamtazama shingo mbele na pande zote mbili. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akaomba chai.