Mchicha wa Chumba cha Uani

Katikati ya kiangazi, harufu ya udongo uliolowa ilianza kutoka chumba cha uani, nami nikaishtukia mapema. Hapa Mandewa upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, mbuzi wanatafuna maboksi, na kila nyumba inapika mlenda mkavu. Sasa unyevu huo ulitoka wapi? Chumba kilikuwa cha mama mdogo Neema, mdogo wake mama, aliyekuwa amerudi kutoka chuo cha kilimo na kuliziba dirisha lake. Chini ya mlango ulipenya mwanga wa zambarau mchana kutwa. Alisema anaotesha mchicha kwa taa, maana nje maji ni shida na mbuzi hawaachi jani. Sikumwamini. Siku aliyonifungulia nikaona makopo yamepangwa kwenye rafu, taa zinaning'inia na mchicha umenenepa, bado nilikagua pembe zote nikitafuta hirizi.

Mtaani wengine walisema ni bangi, wengine walitaja mambo yasiyosemwa mbele ya watoto. Kisha jirani yetu mmoja akafariki. Kwetu msiba ukitokea kila nyumba hupeleka chakula, na mama mdogo, aliyetamani sana kuhesabiwa kuwa mwenzao, akapika sufuria nzima ya mchicha. "Asante mwanangu, Mungu akubariki," bibi mmoja alimwambia, kisha akaisogeza nyuma ya gunia la mkaa. Jioni ilikuwa imejaa vilevile. Mama akaibeba kimya kimya hadi nyumbani, nami nikafurahi kwamba walau yeye, dada yake Neema, atakula. Badala yake alichota kidogo akawawekea kuku, akavuta kigoda, akakaa kuwatazama. Mama mdogo alitukuta hapo hapo.

"Kuku wanaendeleaje, dada?"

"Nilitaka kuhakikisha tu," mama akajibu bila kuinua macho.

Kesho yake chini ya mlango hapakuwa na mwanga. Iliniuma, japo moyoni nilikuwa nawahesabu kuku wale mmoja mmoja.

Leo vijana wa mtaa uleule wanaotesha mboga vyumbani kwa taa, na mama ni mteja wao. Huwasifia hata kwa wageni. Mimi bado hunusa chakula cha watu kabla ya kukila. Mama mdogo amehamia Unyambwa, anatupenda, na dada yake humpokea kwa heshima zote. Ila tangu siku ile hajatuletea kitu alichokipika mwenyewe. Akija huleta sukari na biskuti, na pakiti humkabidhi mama ikiwa haijafunguliwa.