Ukungu Kabla ya Neno Nataka

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanamke mmoja, katika mtaa wa Saio hapa Bunia, na nikikikumbuka leo nakiona kana kwamba kiko chini ya maji. Pazia la kijani lilichuja jua la alasiri, kivuli cha mikalitusi kilitembea polepole ukutani, na pikipiki za barabarani zilisikika kama zinapita katika mji mwingine. Palikuwa na viti viwili ambavyo havikutazamana moja kwa moja. Kwenye kimoja aliketi mwenye nyumba, mama mtu mzima, mtaalamu wa saikolojia, ambaye asubuhi aliwahudumia watu waliokimbia vita, na alasiri moja ya kila juma alinisikiliza mimi. Nilimwita Mama Docta, kama walivyomwita wote.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya saikolojia hapa Bunia na nilitaka kufanya kazi kama yake. Niliamini, na bado naamini, kwamba katika jimbo ambako watu wengi wamenyamazishwa na yale waliyoyaona, kumsikiliza mtu hadi mwisho ni namna ya kutenda haki. Yeye alishikilia kwamba asiyewahi kusikilizwa atasikiliza vibaya, kwa sababu atasikia mambo yake mwenyewe kinywani mwa mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kunifundisha lolote, alinitaka kwanza niketi upande wa pili. Wenzangu wa chuo walinicheka. Mmoja aliniuliza kama sasa nimekuwa mgonjwa, au ninakwenda tu kulala mchana kwa watu.

Hakujua jinsi alivyoukaribia ukweli. Utaratibu wa chumba kile ulikuwa mwepesi kuueleza: niseme chochote kinachonijia, bila kukipanga. Nami nilikuwa na jambo zito la kusema. Chuo kimoja cha Kisangani kilikuwa kimenikubali niendelee na masomo kwa miaka miwili, na kilisubiri jibu langu. Nilitakiwa kusema ndiyo au hapana, na ajabu ni kwamba sikujua ninachotaka. Kila nilipoukaribia mlango wa swali hilo, ukungu ulinishukia. Kope zilikuwa nzito, sauti yangu ilikwenda mbali, na picha zilianza kupita: ua wetu baada ya mvua, bati likitona, mgongo wa mama yangu akiwa amelala mkekani, uso ukiwa upande wa ukuta. Nilipozinduka nilijikuta nikizungumzia jambo lingine kabisa, kwa ufasaha mkubwa.

Mama na mimi tulikuwa wawili tu nyumbani. Baba alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Mambasa nilipokuwa mdogo, akapata huko nyumba nyingine na watoto wengine, akabaki kututumia salamu. Mama aliuza samaki wakavu waliotoka Mahagi-Port, bandari ya ziwani alikozaliwa. Nilimweleza Mama Docta haya yote kama mtu anayesoma ramani. Niliongeza kwamba mama hawezi kuishi bila mimi, na kwamba jambo hilo halihitaji kuchunguzwa.

Siku moja alinisimamisha kabla sijaanza.

“Kila mara, mbele ya kuikala ku kiti, unanifanyia kitu,” alisema. “Juma ile ingine ulisogeza kiti yangu ku kivuli. Kisha ulifunga dirisha sababu ya vumbi. Leo umechukua kikombe yangu, umeenda kuisafisha.”

“Ni heshima tu, Mama Docta. Mutoto anaweza kuikala wakati muzee anapigwa na jua?”

“Sikusema ni mubaya. Nauliza kama unajuaka vile unafanya.”

Nilikasirika, na hasira ile ilinishangaza. Nilimweleza kwa maneno yaliyopangwa vizuri kwamba kwetu kijana hufundishwa kumhudumia mkubwa, na kwamba elimu inayotafuta ugonjwa ndani ya malezi mema haitatufaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba malezi mema yapo, na kwamba mtu anaweza pia kujificha ndani yake kwa miaka mingi bila yeyote kumtafuta, kwa sababu kila apitaye anamsifu. Niliondoka nimenuna. Nilitembea hadi nyumbani nikitetea adabu za watu wetu mbele ya mahakama ambayo haikuwapo.

Katika juma lililofuata alikuja akikohoa. Alitembea taratibu, kitenge kikiwa mabegani, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilibaki mlangoni. Nilimwambia kwamba tunaweza kuacha kwa leo, kwamba sikuwa na jambo kubwa, kwamba heri apumzike.

“Ikala,” alisema.

“Lakini mumechoka.”

“Nani alikuambia nimechoka?”

“Naona ku macho.”

“Nikichoka, nitakuambia miye mwenyewe. Kinywa niko nayo.” Alikohoa, akafuta midomo. “Kunichunga haiko kazi yako, mutoto yangu. Ikala.”

Niliketi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo, na sikujua niyaweke wapi. Kivuli kilipanda ukutani, mahali fulani mtu alikuwa akitwanga, na ukungu ukaja tena, mwororo, kama blanketi analofunikwa mtoto. Safari hii nilifanya jambo dogo ambalo sikuwa nimelifanya kamwe: nilimwambia kwamba usingizi unakuja. Aliniuliza nilikuwa nikitazama nini kabla ya usingizi kuja.

“Nilikuwa naangalia mabega yenu,” nikasema. “Kama yanapanda na kushuka.”

Nilipoyasikia maneno yangu, chumba kiligeuka ua wetu. Niliona alasiri za utotoni, baada ya baba kuondoka, mama akiwa amejilaza akiutazama ukuta kwa saa nyingi, nami nimeketi nyuma yake nikilinda pumzi zake. Sikucheza mbali, nisije nikakosa dalili. Kwa namna alivyovuta pumzi niliweza kujua kama nitengeneze chai, au nikae kimya, au niseme la kuchekesha. Nikahisi pia jambo lililokuwa karibu mno kuonekana. Nilipozaliwa nilipewa jina la bibi, mama wa mama yangu, ambaye alifariki kule ziwani mama akiwa msichana mdogo. Kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo huitwa mama na mzazi wake, kwa heshima ya aliyetangulia na kwa utani pia. Ningali sijui kufunga kamba za viatu, mama alikuwa akiwaambia majirani, “Ngoja kwanza niulize mama yangu,” kisha ananiuliza, na watu wanacheka. Mimi sikucheka. Nililipokea swali, nikalifikiria, nikajibu.

Darasani nilikuwa nimejifunza kwamba mtu huyahamishia mahusiano ya kale juu ya yule anayemsikiliza. Niliwahi kulieleza jambo hilo mbele ya wenzangu, nikapongezwa. Lakini kulijua kwa namna ile kulikuwa kama kujua jina la mto usioupita. Nilikuwa nimedhani kwamba mazoea kama hayo humziba mtu macho tu. Yangu yalinipa macho makali mno, yote yakielekea upande mmoja. Niliweza kuuona uchovu wa mwanamke mwingine kabla yeye mwenyewe hajauhisi, na ukali huohuo ndio uliozima taa kila nilipogeuka kujitazama. Usingizi wangu ulikuwa mlinzi mwaminifu. Ulikuja ili nisitamke neno ambalo lingemfanya mtu fulani ageukie ukuta.

Mama Docta hakunieleza lolote kati ya haya. Alikohoa, akaniacha niyaone, na muda wetu ulipokwisha aliniambia kwamba sasa amechoka kidogo na atakwenda kulala. Nikafahamu kwamba angeweza kweli kuniambia mwenyewe anapochoka.

Nilimwambia mama siku ya Jumapili, tulipotoka kanisani, akiwa ameketi uani bado na nguo zake za ibada. Mawingu ya Bunia yalikuwa yameshuka hadi karibu na mapaa, na kila kitu kilikuwa na rangi moja.

“Mama, nataka kwenda Kisangani, kusoma.”

“Unataka, ao wanakutuma?”

“Nataka.”

Alicheka kwanza. Akawageukia majirani ambao hawakuwapo. “Angalieni mama yangu huyu. Aliniacha ku ziwa, miye kamutoto. Sasa anarudia kuniacha hapa Bunia, mara ya pili.”

Nilihisi ukungu ukianza kwenye miguu. “Ule haikuwa miye, mama,” nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani kwa mara ya kwanza tulikuwa tukitazamana bila marehemu kukaa katikati yetu. Kisha aliinuka, akaingia ndani. Nilisikia mkeka ukitandazwa. Mwili wangu ulisimama peke yake kumfuata, na mikono yangu ilikuwa tayari kutafuta sufuria ya chai. Niliizuia mikono hiyo. Nilirudi kwenye kigoda, nikasubiri kama mtu anavyosubiri manyunyu yapite, nami nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia chini ya kelele za kumlinda: moyo wangu ukipiga kwa furaha, na kwa huzuni, vyote viwili bila kugombana. Ndani, mama alilia. Kilikuwa kilio cha mtu mzima mwenye sababu, na hakikuniita.

Jibu langu la ndiyo nililituma kesho yake. Mama alikaa siku nyingi bila kusema nami. Alipokuwa na la kunieleza aliwaeleza kuku. “Muambieni ule musomi kwamba maji imeisha,” aliwaambia, nami nikachukua bidon nikaenda kuchota, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kweli. Sikujaribu kumchekesha. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote kuishi ndani ya nyumba yenye hasira na kuiacha hasira iwe ya mwenyewe.

Asubuhi moja, ukungu wa kweli ukiwa bado kwenye mikalitusi, nilimkuta akiwatupia kuku mahindi.

“Kuku, eti Kisangani iko joto sana,” aliwaambia. “Sijui ule atavaa nini, na hii nguo yake yote ya baridi.”

Nikasema ni kweli, kuna joto, na kwamba nitahitaji vitenge vyepesi.

“Sikukuuliza weye,” alisema mama, akaendelea kutupa mahindi.