Shemeji aliunguza chip mbili za synthesizer yangu, halafu akataka mic

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mdada wa Nyahanga, Kahama. Nilikuwa naunda synthesizer, yaani kinanda cha umeme, kwa mikono yangu. Kwenye earphone sauti ilitoka safi. Kilichobaki ni amplifier: kachip ka miguu minane ka kusukuma spika, nami nilinunua tatu.

Mdogo wetu wa kike alikuwa na send-off, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, huko Tinde. Nilishamwahidi ataingia ukumbini kwa muziki wangu, na DJ akakataliwa kwa sababu yangu. Nikishindwa, anaingia kimya kama msibani.

Akatokea Shemeji Masanja, mume wa dada yangu Kabula. Huyu ni mlinzi wa geti kwenye mgodi huko Geita, ila akifika nyumbani anakuwa injinia. Injinia ambaye feni yake huanza kuzunguka kwa kusukumwa na fimbo!

"Shem, nyaya si mambo ya wanawake. Lete hapa."

Dada akanisihi nisimvunjie heshima mumewe. Nikampa.

Akachomelea, tukawasha. Kimya. Chip ikachemka hadi ikanuka.

"Feki hii."

Akaweka nyingine. Nayo ikaungua. Eti umeme hautoshi, akaondoka kutafuta betri ya pikipiki! Mtu kaungua mdomo na uji, anaomba moto uongezwe.

Alivyotoka tu nikachukua mita, nikaigeuza bodi.

Wakuu, nilicheka kwa hasira. Mchoro unaonyesha chip ikitazamwa kwa juu. Yeye kachomelea kwa chini bila kugeuza chochote, kwa hiyo kulia kote kumekuwa kushoto. Umeme unaingia kwenye mguu wa kupokea sauti, na earth iko kwenye mguu wa kwenda spika. Hapo hata ungeleta betri ya lori.

Nikafumua nyaya zote, nikaunga upya, nikapima mguu mmoja mmoja, ndipo nikaweka chip ya mwisho. Spika ikanguruma, kuku wakatawanyika uani.

Injinia akarudi na betri kwapani. "Si nilikwambia zilikuwa feki? Hii ndo original."

Nikaendelea kufunga spika yangu. Kubishana naye ni kupoteza mate bure.

Siku ya send-off mdogo wangu aliposimama mlangoni, nikapiga. Ukumbi mzima ukainuka. Mama akalia, mdogo wangu akaingia akicheza.

Muziki ulivyoisha, Shemeji huyoo, kashika mic ya MC. "Wageni waalikwa, chombo hiki mlichokisikia, mimi kama injinia..."

Dada Kabula hakusubiri. "Masanja! Wigashe!"

Kwa wasiojua Kisukuma: kaa chini.

Akakaa.

Funzo: chip ikichemka na sauti haitoki, usikimbilie kununua nyingine. Geuza bodi, hesabu miguu. Na fundi wa mdomo mpe soda, usimpe soldering iron.

Nyie mashemeji zenu wameunguza nini? Mwageni hapa, tusizeeke na vinyongo.