Baraza ya Vigae Vyeupe

Aibu hii nilipanga kufa nayo, lakini kwa kuwa Ma Paskazia, mwenye nyumba wangu, ameshawasimulia nusu ya mtaa wetu wa Rwamishenye (na kila akisimulia anaongeza chumvi), heri niwaambie mwenyewe, jamani: mimi, mtoto wa Mombasa, niliyelelewa nikalelewa, nilitandika chakula juu ya kaburi la watu, nikala, nikashiba, nikalala.

Nilikuja Bukoba kwa kazi ya kuonja kahawa kiwandani, ndiyo, kuna watu wanalipwa kunywa na kutema, msicheke. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpweke vibaya sana, sina ndugu, sina shoga, Kihaya sikijui, kwa hiyo nikajiwekea desturi, kila Jumamosi lazima nitoke: wiki hii nashuka ziwani kulowesha miguu (mimi napaita pwani, wenyeji wananiuliza pwani gani isiyo na chumvi), wiki ijayo napanda vilima vya Muleba, narudi jioni na vumbi langu na moyo mweupe. Ma Paskazia alikuwa ananitazama nikifunga kontena la chakula anatikisa kichwa, ananiambia neno moja tu, "Ukiingia kibanja cha mtu, pitia mlangoni usalimie. Usikatize migombani kama ng'ombe."

Sasa Jumamosi hiyo nilikuwa nashuka kilimani kule Ijumbi, saa saba, jua linaniwakia utosini, njaa inaniuma, nikafika kwenye nyumba moja nikaona nyuma yake wanawake wengi, masufuria makubwa, moshi. Nikajua hapa kuna shughuli. Haki ya Mungu nilitaka kwenda kusalimia, lakini salamu za Wahaya ni ndefu, mimi nimeshika mstari wa kwanza tu, wakinijibu nabaki nimetoa macho, na leo kuna kadamnasi ya watu kumi na tano wa kunicheka. Nikajiambia ah, napita tu, nani ataniona. Nikakatiza migombani kama ng'ombe.

Katikati ya migomba, kimya, kivuli kizuri, nikaona baraza. Wenzangu wa Mombasa mtanielewa. Jukwaa la kimo cha goti, vigae vyeupe vinang'aa, juu kimeezekwa kibati juu ya nguzo nne, na pembeni pamefagiwa hadi alama za ufagio zinaonekana. Kwetu kitu cha namna hiyo kinajengwa watu wakae wapige soga wanywe kahawa, na makaburi yako makaburini, ni udongo na kijiwe basi. Ningejuaje kuwa hawa huwazika wapendwa wao hapo hapo nyumbani, kati ya migomba? Msalaba haukuwepo! Nikawaza, lo, watu hawa wana ustaarabu, wamejenga baraza hadi shambani. Tena nikavua viatu kwa heshima, nikavipanga chini, nikapanda.

Nikafungua kontena langu: wali na sato wa kupaka, nazi nimetumiwa na mamangu kutoka nyumbani, manjano tele. Nikala kwa mkono, taratibu, mchuzi kidogo ukanidondokea pembeni, nikaupangusa na kidole. Halafu ule ubaridi wa vigae mgongoni, na upepo, na shibe... Nzi wakaanza kunisumbua, nikatoa leso yangu ya kuswalia, nyeupe pe, nikajifunika kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Mnaona tunakoelekea.

Usingizini nikasikia kuimba. Nikadhani naota maulidi, sauti zinakuja, zinakuja, nikafurahi, nikajiinua nikakaa, leso ikiwa bado kichwani.

"Mawe! Ta Leopold!" mwanamke mmoja akapiga kelele, yaani mama wee, Mzee Leopold!

Mayowe yaliyofuata sitayasahau. Nilipojifunua uso nikaona kwaya nzima imegeuza inakimbia, katekista ameshaingia migombani kitabu mkononi, vijana wawili wameutupa msalaba wa chuma waliokuwa wameubeba, na Padre amerudi nyuma hatua tatu, amenyoosha ile brashi ya maji ya baraka kunielekea. Waliobaki wamesimama ni yeye na bibi mmoja mwembamba aliyevaa gauni la gomesi la bluu, ambaye hakutikisika hata kidogo.

"Rudini," bibi akawaambia wenzake. "Huyo si Leopold. Leopold akilala mchana haamki mpaka aitwe mara tatu."

Mimi nami, badala ya kushuka, kuomba radhi, kufa, chochote, nikafanya kile nilichofundishwa tangu utotoni nifanye watu wakinikuta na chakula. Nikanyoosha mkono kwenye kontena nikasema, "Karibuni."

Padre akajifuta uso kwa kanzu. Watu wakarudi mmoja mmoja, na ndipo nikaelezwa, pale pale nimekaa, nimekalia nini. Nilishuka nikaanguka magotini, nalia kama mtoto, na huku mzee mmoja mnene mwenye koti, Ta Gosbert, mdogo wake marehemu, ananifokea kwa Kihaya halafu anarudia kwa Kiswahili ili nisikose hata neno. "Kaburi limechezewa! Mgeni amekula samaki juu ya kaka yangu! Leo msalaba hausimikwi hapa, na ukoo utakaa kwanza!"

Hapo nikamwona yule bibi anashika nguzo. Ndiye mjane, Ma Yustina. Nilikuja kuelewa baadaye, lakini hata pale nilisoma usoni pake: kahawa ya misimu mitatu ndiyo iliyogeuka vile vigae, watoto wake walitoka Dar na Mwanza na kesho yake wanarudi hadi likizo ya mwaka ujao, na Padre hufika kigango kile mara moja kwa mwezi akiwahi. Leo ikishindikana, ni mwaka mwingine mzima wa mumewe kulala bila msalaba, na yeye mwenyewe umri umeenda. Na yote kwa sababu mimi niliona haya kusema shikamoo!

Nikaomba maji. Nikasugua vile vigae kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, nikitumia ile ile leso ya kuswalia, watu zaidi ya hamsini wamenizunguka wananitazama. Vikatakata vyote, isipokuwa pembeni, kwenye ule mstari kati ya kigae na kigae, manjano yameingia yamekaa.

"Hiyo haitoki," akasema Ta Gosbert, kama aliyeshinda kesi.

Ma Yustina akainama akatazama ile alama. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unakula nini?"

"Samaki wa nazi, shikamoo Ma." (Salamu imekuja sasa, saa nzima imechelewa.)

"Marahaba. Amebaki?"

Nikampa kontena. Akamega, akatafuna, akalamba kidole. Halafu akamgeukia mzee wa koti.

"Shemeji, tangu tumzike kaka yako umefika hapa mara ngapi? Mara moja, kuuliza mpaka wa shamba. Ukakanyaga hapo hapo na mabuti yako. Huyu hamjui, na amevua viatu. Tena mwenzako amelala naye usingizi, hajamwogopa. Padre, tuendelee."

Ta Gosbert akaenda mwenyewe kuuokota msalaba.

Msalaba ukasimikwa. Padre alinyunyiza maji ya baraka, nami na hijabu yangu nikapata sehemu yangu, naamini aliilenga makusudi. Kisha nikavutwa nyumbani nikaketishwa juu ya nyasi mbichi walizotandaza sakafuni, karibu na Ma Yustina, nikalishwa ndizi na maharage hadi nikaomba msamaha mara ya pili. Watu waliokuwa tayari kunipiga wananiongezea nyama! Nimeishi sehemu nyingi, sijawahi kusamehewa nikashiba siku moja. Jioni walinisindikiza hadi barabarani kwaya nzima, wakinifundisha salamu ya Kihaya hadi mstari wa mwisho, nami nikalia tena, safari hii kwa shukrani.

Sasa vilima nimevipunguza. Jumamosi zangu nyingi naenda kwa Ma Yustina na sato wa nazi (ameniagiza, nisije mikono mitupu), na napitia mlangoni, nasalimia watu, mbuzi na migomba. Nikichukua brashi nijaribu tena ile alama ya manjano ananinyang'anya, anasema iache, Leopold alipenda mchuzi.

Mwezi uliopita alinishika mkono akanionyesha. "Hapa ni pangu. Pale ni pa Gosbert, akipunguza maneno. Na hapa pembeni pana nafasi. Kwenu ni mbali, mwanangu, usije ukahangaika."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Mambo ya dini tutayazungumza, lakini nafasi nimeipokea kwa mikono miwili, maana huku ugenini nimeshapata mahali pangu. Ila nimeapa, tena mbele yake: pale migombani silali tena mpaka zamu yangu ifike.