Picha Iliyobaki Handeni

Munira Hiza alikuwa na kanuni moja kazini: ramani haitoki ofisini mpaka ifunguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine. Wenzake katika ofisi ya upimaji pale Handeni mjini walimcheka kwa hilo, lakini ramani zake hazikuwahi kumwaibisha mtu. Aliivunja kanuni hiyo mara moja tu, tena makusudi.

Laurenti alisoma naye chuo, wakaajiriwa pamoja. Mwaka jana alichukua ramani aliyoichora Munira, akafuta jina lake, akaiwasilisha kwa mkurugenzi kama kazi yake. Akapandishwa cheo. Munira alipolalamika, alimjibu mbele ya ofisi nzima: "Dada, kazi yako wewe ni kubofya. Bofya." Tangu hapo wakamwita Mama Bofya. Aliitika, akatabasamu, akangoja.

Nafasi ilikuja na shauri la Bibi Mwanaidi, mjane mwenye shamba la mihogo upande wa Mnyuzi. Mpaka wake na jirani yake Castory ulikuwa safu ya mkonge iliyopandwa na marehemu mumewe, na mume huyo amezikwa ndani kidogo ya safu hiyo. Wakati wa kiangazi Munira alirusha droni pale na kupiga picha. Baadaye Castory akaleta trekta, akang'oa mkonge wote, akadai mpaka halali ni mstari wa ramani ya zamani, ambao unaliweka kaburi na shamba upande wake. Shahidi aliyebaki ni picha ya droni.

"Usiogope, bibi," Munira alimwambia. "Siku ya mkutano wa mpaka mkonge wako utaonekana ukutani. Kila mtu atauona."

Asubuhi ya mkutano Laurenti, ambaye ndiye angeionyesha ramani kwa projekta mbele ya watu katika darasa la shule ya kijiji, alinakili ramani kwenye flashi. Alichukua faili lenye mistari na majina, akaiacha folda yenye picha; bila folda hiyo, picha haifunguki kwenye kompyuta nyingine. Munira alikuwa meza ya pili, anakunywa chai. Aliona. Akaendelea kukoroga sukari.

Simu ililia kabla ya adhuhuri.

"Munira, picha haionekani! Kuna mistari miwili tu na weupe mtupu!"

"Umejaribu kubofya, bosi?"

"Acha utani, watu wananizomea huku!"

"Zima, halafu washa."

Laurenti alizima, akawasha. "Bado!"

"Basi funga madirisha. Labda mwanga."

Nyuma ya sauti yake Munira alimsikia mzee mmoja akisema, "Shuka la ukutani limetakata kweli, wanangu. Mmelifulia mtoni Hale nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Munira naye alikata simu, akacheka mpaka akafuta machozi. Kila neno alilotukanwa mwaka mzima lilikuwa limelipwa. Alishapanga yatakayofuata: mkutano ungeahirishwa, naye angekwenda kesho yake na picha, mkurugenzi ajue nani anaijua kazi.

Mkutano haukuahirishwa.

"Mkonge uko wapi?" Castory aliuliza akiwa amesimama. "Nionyesheni mche mmoja tu, nikae chini."

Laurenti hakuwa na cha kumwonyesha. Mvua ilikuwa inakuja, watu wamechoka, wengi wakaukubali mstari wa zamani. Bibi Mwanaidi akaambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano, yaishe. Akaweka.

Kesho yake Munira alifika na kompyuta, akaifungua mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Safu ya mkonge ilionekana yote, hadi kivuli cha kila mche. Mwenyekiti aliitazama, akashusha pumzi. "Mama amekubali mwenyewe, mbele ya watu. Mimi sina la kufanya."

Bibi Mwanaidi aliitwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Aliinamia kioo, akaweka kidole penye kaburi. "Jana picha hii ilikuwa wapi, mwanangu?"

"Ofisini, bibi."

"Na wewe?"

Munira aliinamisha kichwa. "Ofisini."

Bibi alifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Laurenti alionywa kwa mdomo tu, akabaki na cheo chake. Castory amepanda mahindi mpaka ukingoni mwa kaburi. Kisasi cha Munira kilimgharimu Bibi Mwanaidi shamba lake, na mahali alipomzika mumewe.