Tumeshinda, Katibu

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mjukuu wangu, na juzi umeniamshia. Umetoka kwenye kibanda cha mpira unapeperusha fulana, unapiga kelele njia nzima, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Nikakuuliza mmemshinda nani, ukanitajia mji wa Ulaya ambao wewe wala mimi hatutaukanyaga. Baba yako alicheka. Mimi sikucheka. Neno hilo hilo nililisema nikiwa kijana wa rika lako, na aliyelilipia ni mama yangu, kwa miguu yake.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya kitabuni. Nitakueleza kama yalivyokuwa, na waliohusika nitawataja.

Enzi hizo walikuja Wanorwei kuchimba visima huku kwetu. Nikapata kibarua cha kubeba mabomba kwa fundi wao mmoja, Eriki. Mtu wa maneno machache, lakini ilikuwa ikifika alasiri ya mashindano yao, anazima mtambo na kuweka redio juu ya pipa. Kwao watu hushindana mbio juu ya theluji, wamefunga mbao ndefu miguuni, wameshika fimbo mbili. Nilipomwuliza theluji ni nini, alikwenda kwa mama, akachota unga wa mahindi kwenye ungo, akaupuliza hewani. Mama akaniambia kwa Kinyaturu, "Mwambie mzungu wako unga wangu si wa kuchezea."

Eriki alinionyesha picha ya bingwa wao, Halivadi. Ndevu zake nyeupe kwa theluji, kama za mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga. Tangu hapo nikawa mtu wake. Kinorwei sikukijua, nilijua majina tu, na namba chache za kwanza, na ile sauti ya mtangazaji inapoanza kupanda. Eriki aliniambia kwao watu husimama pembeni mwa njia kwenye baridi kutwa nzima, wanamshangilia mtu wasiyemjua, "Heia! Heia!" Nikaona ni kama letu la "haya, haya". Nikajaribu hata mimi, nikajifunga vipande viwili vya mbao, nikateremka jabali la nyuma ya nyumba. Kovu la kiwiko hili hapa, uliliuliza ukiwa mdogo.

Eriki alipoondoka aliniachia redio. Mawe yake, yaani betri, yakichoka niliyaanika juani juu ya paa la tembe, yakapata nguvu kidogo. Mama alisema hajawahi kumwona mtu anayeanika mawe juani ili asikilize baridi.

Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu Elia. Nilimfundisha majina yote. Mwaka mmoja Halivadi aliposhinda, Elia ndiye aliyerusha kofia yake juu, ikatua kwenye paa, tukapanda kuitafuta huku tunaimba, "Tumeshinda!" Shika hilo, mwanangu. Elia naye alisema.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Kijiji chetu kilipangwa kuzunguka bomba la kisima alichochimba Eriki, na mimi nimebeba vyuma vyake kwa bega hili. Mama mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu zamani. Mjomba wangu, Mzee Kidua, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akamwombea dada yake kiwanja cha pembeni mwa bomba, Katibu wa kijiji akakubali. Katibu aliitwa Ntandu, kijana mwenye suti ya kijani na sauti ya kupenda mikutano. Ilibaki apite nyumba kwa nyumba kumaliza ugawaji.

Alipita Jumamosi, jioni inaanza. Mimi nimekaa barazani, sikio limebanwa kwenye redio, Halivadi anapambana na Mswidi. Sauti inapanda. Ntandu akaingia uani na Elia nyuma yake.

"Hodi wenyewe. Mmeshindaje?"

Mtu mzima anayesalimiwa hivyo hujibu salama, anainuka, anatoa kigoda. Mimi hata sikugeuka. Wakati huo huo redio ikalipuka jina la Halivadi, nikaruka.

"Tumeshinda! Tumeshinda, Katibu!"

"Mmemshinda nani?"

"Waswidi!"

"Waswidi ni ukoo gani hapa kijijini?"

Elia akacheka. "Huyu ana taifa lake, Katibu. Redio yake yenyewe haijui Kiswahili."

"Nyinyi ni akina nani mlioshinda?" Ntandu akauliza, pole pole sasa.

Na mimi, kwa furaha zangu, "Sisi. Norwei!"

Hakukaa. Mama alitoka na kigoda mkononi akawakuta wameshatoka nje ya uzio.

Kesho yake mkutano ukafanyika uwanja wa shule. Ntandu akasimama. "Wananchi, kiwanja hiki cha pembeni mwa bomba aliombewa mama Yohana. Lakini Yohana mwenyewe ameniambia kwa mdomo wake kwamba yeye ni wa Norwei. Sisi hapa tunagawa ardhi ya Tanzania." Watu wakaanza kucheka. "Nashauri apewe kule majabalini. Asubuhi kuna baridi, itamkumbusha kwao."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nilimtafuta Elia kwa macho. Neno moja tu lingetosha: Katibu, hata mimi nilisema hivyo mwaka jana, ni mchezo tu. Elia alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia yake. Kofia ile ile. Halafu kiwanja cha bomba akapewa nani? Akapewa Elia.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Kidua.

"Shikamoo mjomba. Kushangilia ni kosa?"

"Marahaba. Si kosa. Shangilia mpaka koo likauke. Lakini mtu ameingia uani kwako, amekuuliza umeshindaje, wewe umemjibu kwa kisogo. Ungemtazama usoni ungeona alikuja kutafuta nini."

"Na wewe mjomba, mbona pale mkutanoni ulinyamaza?"

Akainamisha kichwa. Mpaka anaingia kaburini hakunijibu hilo, na maneno yake ya hekima nimeyatunza, lakini na kimya chake nimekitunza vilevile.

Tukahamia majabalini. Maji nilichota mimi, lakini nikienda shamba la kijiji mama alijichotea, na ndoo kichwani, na mguu wake ule. Mvua zilipokuja mawe yakawa na utelezi. Siku moja akateleza, akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali ya Kiomboi, alikaa huko muda mrefu, wakamrudisha na magongo mawili. Akawa anakaa mlangoni tu, anatazama kule bondeni watu wanakopanga ndoo. Alisema, "Nitazikwa sijalifikia lile bomba tena."

Redio nilikuwa nimeifungia sandukuni. Sikutaka hata kuiona. Ni yeye aliyeniuliza.

"Ile redio ya watu wa fimbo mbili umeipeleka wapi?"

"Sandukuni, mama. Imetuponza."

"Imetuponza redio? Redio ina mdomo wa kusimama mkutanoni? Itoe. Halafu uniambie, wale watu fimbo zao wanazifanyaje?"

Mwanangu, nilikaa chini nikamweleza yote. Fimbo zote mbili hutangulia pamoja, mwili unazifuata. Kwenye mwinuko usitazame kilele, tazama pale unapochomeka. Ukichoka simama, vuta pumzi, hakuna anayekufukuza. Tulianzia mlangoni mpaka jikoni. Halafu mpaka kwenye uzio. Mama akawa ananitania, "Sasa mimi ndiye Halivadi wako. Nipake na ndevu za unga tumalize."

Siku aliyoamua kwenda, hakuniuliza. Alifunga kilemba kizuri akatoka. Nikabeba ndoo, nikamfuata pembeni, si nyuma wala mbele, pembeni, kama Eriki alivyosema watu wa kwao husimama. Kwenye mteremko wa mawe magongo yakaanza kutetemeka. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Heia, mama! Heia!" Watoto waliokuwa wanachunga wakalidaka neno. "Heya! Heya!" Wanawake wakatua ndoo kuangalia. Mama jasho linamtoka, haangalii mtu, anachomeka, anajivuta, anachomeka.

Pale bombani Ntandu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Elia, na Elia yuko barazani kwake, nyumba yake mpya. Ntandu akainuka. Alikuwa na adabu akitaka.

"Shikamoo mama. Umeshindaje?"

Mama akasimama. Akapanda magongo yake ardhini vizuri, akamtazama usoni, akamtazama mpaka yule kijana akashusha macho kwenye viatu vyake.

"Marahaba. Tumeshinda, Katibu."

Hakucheka mtu. Elia akavua kofia. Mama akainama, akanywa maji kwa kiganja chake, akanywa tena, akaniambia, "Jaza ndoo twende."

Usidhani baada ya hapo tulipewa kiwanja. Hatukupewa. Ntandu alihamishiwa kwingine na kupandishwa cheo. Elia yuko pale pale mpaka leo, wajukuu zake wanaoga maji ya bomba nililobebea vyuma. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Mama alilifikia bomba mara nyingi kabla hajafa, kwa magongo yake, na nyonga ile haikupona. Halivadi naye alizeeka, nikasikia ameacha mashindano. Mimi bado hutafuta mbio zile redioni, zikipatikana.

Sasa sikiliza. Sikukatazi timu yako. Mpende mtu wa mbali anayepigana vizuri, utajifunza kwake kitu ambacho siku moja kitambeba mtu wa nyumbani kwako. Lakini mgeni akipiga hodi, shusha sauti ya redio, geuka, mtazame, ndipo umjibu. Salamu si kelele za kupita, ni mtu amesimama uani kwako na ana shida au ana nia. Na mwenzako anayeshangilia pamoja nawe mnapokuwa wawili, mwangalie siku watu wakiwa wengi. Ikitokea wewe ndiye umesimama mkutanoni na kofia mkononi, huku mwenzako anachekwa kwa neno ambalo hata wewe ulilisema, sema. Usifute vumbi.

Mungu akupe miguu mizima, mwanangu, na nyumba iliyo karibu na maji. Akupe mtu wa kutembea pembeni yako kwenye mteremko. Na kila jioni itakayokukuta duniani, akuletee wa kukuuliza umeshindaje, na akupe uso wa kumtazama ukimjibu.